Duara Lililopewa Kichwa

Senkondo hakuwa na bunduki. Hakuwa na ng'ombe tangu ukame wa miaka miwili. Hakuwa na mke, maana mama wa binti yake Namkunda alikwisha kuzikwa, hakuwa na mtoto wa kiume, hakuwa na meno ya nyuma upande wa kulia. Hakuwa na kiatu cha kushoto kilicholingana na cha kulia. Hakuwa na adui aliyemchagua mwenyewe; wote aliowahi kuwa nao aliletewa. Hakuwa na barabara: kutoka mlangoni kwake hadi mahali gurudumu la kwanza linapoweza kuzunguka palikuwa na mwendo wa siku nne, na siku ya tatu yote ni kushika mizizi. Hakuwa na mtu wa kumwambia kwamba anaogopa.

Alikuwa na mwandiko mzuri. Huo ndio ulioua.

Senkondo ni mimi. Ninapokaribia mambo ya damu ulimi unakataa kusema "mimi", basi namtanguliza yeye, kama mtu anayemsukuma mwenzake mbele kwenye mdomo wa pango. Lakini pango ni letu wote wawili, na huko ndani nitaacha kujificha.

Mlimani kwetu umri wa mtu ulipanda na kushuka pamoja na njia. Chemchemi ilikuwa chini bondeni. Ulifika pale ukiwa na miaka thelathini, ukainama, ukaona majini uso usio na mvi hata moja. Ukirudi na ndoo, kwenye kona ya mawe mekundu magoti yalianza kulia, na ukifika mlangoni una sabini na binti yako anakupokea mzigo. Hatukuona ajabu. Tuliona ajabu tulipoambiwa kwamba kwingine watu huzeeka upande mmoja tu, bila kurudi.

Nchi nzima ilikuwa na Kitovu kimoja. Zamani sisi sote tulinyonya kwa Mama wa Kambo aliyeishi ng'ambo ya maji, na maziwa yake yalikuwa machungu, tukamng'ata, akatupiga, tukapigana naye miaka minane hadi kamba ikakatika. Palipokatika pakabaki kovu. Kovu hilo tukaliita Kitovu, tukalijengea mji, tukaafikiana kwamba kazi yake ni moja tu, kutukumbusha kuwa tulizaliwa pamoja. Kitovu hakili, tulisema. Kitovu hakitembei. Lakini kovu likaota mdomo, nasi tukasema si neno, mdomo utatusemea. Mdomo ukaota meno. Likaota mkono, tukasema mkono utatupungia. Siku mkono ulipojikunja ndipo tulipoelewa kwamba ngumi nayo ni mkono, ila umefunga mlango.

Na sisi tuliozaliwa pamoja hatukufanana. Kwenye maporomoko ya maji walikaa watu wa Vinu. Walisokota na kufuma mchana kutwa, vidole vyao vifupi kwa kukatwa na mashine, na walikitaka Kitovu kizitoze ushuru nguo za ng'ambo hadi zisinunulike, ili nchi yote ivae za kwao. Kwenye tambarare walikaa watu wa Pamba. Pamba yao haikuchumwa nao. Ilichumwa na watu wenye minyororo, na Kitovu kilipohesabu watu wa nchi, kila mwenye mnyororo alihesabiwa kama vipande vitatu vya mtu aliyekatwa vitano. Vile viwili vilivyobaki hakuna aliyesema vilizikwa wapi. Watu wa Pamba walitaka kuuza ng'ambo na kununua ng'ambo, na walikitukana Kitovu asubuhi kwa kuwapendelea watu wa Vinu. Jioni, mtumwa wao akitoroka, walikililia Kitovu hichohicho kinyooshe mkono wake mrefu kiwarudishie.

Sisi wa Mlimani tulikuwa na nafaka isiyoweza kushuka. Punda wanane walioondoka na magunia manane walifika mifupa mitupu, mzigo wameula njiani. Basi tukaikeneka, tukaichemsha na kuukinga mvuke wake uwe pombe kali. Magunia manane yakawa mapipa mawili madogo, punda mmoja akashuka nayo akiimba kwa pua, na pombe hiyo ndiyo iliyotupatia chumvi, misumari, mahari na dawa. Kitovu kilipotaka kula, hakikutoza kinu wala shamba la pamba. Kilitoza mtungi wa shaba, ule wa kukenekea.

Nguvu ya mmoja juu ya wengi huanzia wapi? Nimeliuliza swali hili maisha yangu yote, yale ya thelathini na yale ya sabini. Si kwenye bunduki, kwa sababu bunduki hushikwa na mwingine, na huyo mwingine angeweza kuigeuza. Si kwenye sheria. Sheria ni karatasi. Labda kwenye karatasi, basi. Labda pale tu karatasi inapopata juu na chini. Nasema labda. Nimeona mtu akifa kwa sababu ya labda hiyo, na bado nasema labda.

Mpimaji wa Kitovu alikuja wakati wa kuvuna, amebeba fimbo yenye alama za kupimia mitungi. Jina lake hatukuliuliza. Aliichovya fimbo kwenye mtungi wa kwanza, akaandika. Akaichovya kwenye wa pili. Mtu akacheka. Mtu akamvua kofia. Mtu akasema lami ipo motoni, ile tunayozibia mapipa, na kuanzia hapo watu wakawa mikono tu. Mbonea, fundi mapipa, alileta sufuria. Wanawake walichinja kuku watatu kwa ajili ya manyoya peke yake, nyama wakaiacha chini.

Senkondo alishika mguu wa kushoto.

Nilishika mguu wa kushoto. Ulikuwa na nguvu kuliko nilivyodhani. Ulinipiga kifuani mara mbili, na mara ya tatu haukupiga tena, ulitetemeka kama kamba ya punda aliyeteleza. Lami ilipomwagwa kifuani pake harufu ilikuwa ya kitu tunachokila. Tulimwagia manyoya, tukamwachia. Akakimbia kushuka, na kwa kuwa njia ile ilikuwa njia yetu, kila hatua ikampunguzia umri: akawa kijana, akawa mvulana, hadi kwenye kona ya mawe mekundu alikuwa mtoto mweusi mwenye manyoya anayemwita mama yake. Hapo akaanguka. Mzirai, mume wa binti yangu Namkunda, ndiye pekee aliyemfuata na maji. Alirudi na ndoo tupu na mikono inayonata, akaomba jembe la kuzikia.

Siku ya tatu tukakiandikia Kitovu barua, kueleza nafaka, punda na njia, na kuomba ushuru wa mtungi uondolewe. Sisi wa Mlimani tuna namna yetu ya kuandika maombi. Majina hutiwa kwa kuzunguka, kama watu waliokaa kuuzunguka moto, ili asiwepo wa kwanza wala wa mwisho. Na maombi yenyewe huandikwa ndani ya duara kwa kuzunguka pia, kama ganda la konokono. Anayesoma hana budi kuizungusha karatasi mikononi, neno baada ya neno, na akifika mwisho hajui tena upande upi ulikuwa juu. Ndivyo babu zetu walivyolalamika kwa Mama wa Kambo, na hakumnyonga hata mmoja, kwa kukosa pa kuanzia.

Mimi niliona haya. Niliona konokono ule ni ushamba. Nilifikiri wakubwa wa Kitovu wataishika karatasi yetu na kucheka, watasema watu hawa hawajui hata mstari. Basi majina mia tatu yalipokwisha kuzunguka, niliandika maombi katikati kwa mistari iliyonyooka, kumi na saba, yenye pambizo sawa kulia na kushoto. Juu yake nikaandika, kwa herufi ambazo hata sasa nikizikumbuka nazipenda: *Kwa Waheshimiwa*. Wazee wakaitazama. Walisema inapendeza. Hakuna aliyeona, nami sikuona, kwamba nilikuwa nimelipa duara kichwa.

Kitovu kilijibu kwa miguu elfu kumi na mbili ya askari.

Walipanda wakikata miti ili gari la ng'ombe lipite, na juu ya gari walibeba saa kubwa kama mlango wa ghala. Saa sita ikifika ngoma ilipigwa, na popote ngoma iliposikika ikawa saa sita, hata kama jua letu lilikuwa na habari nyingine. Palipopita saa hiyo umri uliacha kupanda na kushuka. Mimi nilikuwa mlangoni. Nikagandia kwenye sabini, na sijawahi kushuka tena.

Nusu ya askari walikuwa watu wa Vinu na nusu watu wa Pamba. Nyuma yao watu wa Pamba walikuwa na wapagazi wao wenye minyororo, kila mmoja akitembea kwa vipande vyake vitatu. Askari walivunja mitungi kwa shoka. Shaba ililia kijiji kizima. Aliyesimama mlangoni kuzuia alipigwa risasi mlangoni, na aliyetoka kumwangalia alipigwa juu yake. Niliwahesabu kumi na mmoja, kisha nikaacha.

"Shikamoo, mzee," askari mmoja wa Vinu akaniambia, mwenye vidole vitatu mkono wa kulia.

"Marahaba."

Akanipiga kitako cha bunduki mdomoni. "Samahani sana, mzee wangu. Ni amri."

Askari wa Pamba aliyekuwa karibu alicheka hadi akainama. "Nyie wa Vinu! Hata kupiga mnabisha hodi."

"Na nyie mmezoea kumpiga aliyekwisha kufungwa. Huyu hajafungwa, ndiyo maana umesimama mbali."

"Rudia."

"Nirudie nini? Shati ulilovaa nimelifuma mimi, kwa vidole ambavyo huvioni hapa. Vua basi, upigane uchi, uwe huru kama unavyopenda kusema."

Wa Pamba akachomoa kisu. Alimkata mwenzake shavu, wa Vinu akamng'ata mkono, wakaanguka chini kati ya manyoya ya kuku yaliyokuwa bado yanapeperuka uani. Kamanda wao akaja, akampiga risasi aliyekuwa juu, bila kuangalia ni wa wapi. Alikuwa wa Vinu. Wa Pamba akaendelea kulala chini yake, macho yamemtoka, akilowana damu ya mwenzake.

"Inuka," kamanda akamwambia. "Sasa wewe ni wa Kitovu."

Huyo ndiye Afande Bitegeko. Sura yake haikukaa. Alipozungumza na watu wa Vinu alikuwa na mashavu yao yaliyobonyea; alipowageukia watu wa Pamba akawa na shingo yao nene. Aliponigeukia mimi, nilimwona mzee mwenye mvi, asiye na meno ya nyuma upande wa kulia. Mkononi alikuwa na barua yetu.

"Nani aliandika?"

"Mimi, afande."

"Mwandiko mzuri. Umesoma wapi?"

"Ngumbaru, nikiwa mtu mzima." Na nisiseme uongo: hata pale, damu ikinichuruzika kidevuni, nilifurahi kuulizwa.

"Kiongozi wenu ni nani?"

"Hatuna. Ndiyo maana ya duara. Izungushe karatasi."

Akaizungusha taratibu, kisha akatikisa kichwa changu, kile alichokuwa amekivaa. "Nikizungusha, maneno yako yanasimama kwa utosi. Waheshimiwa wanapinduliwa miguu juu. Karatasi hii imeniambia yenyewe niishike hivi. Juu ni hapa, mzee. Na hapa juu kabisa, katikati, pana jina." Akaweka kidole. "Mzirai."

Walikuwa wamekwisha kumleta. Walimfunga mikono na miguu kwenye gurudumu la gari la saa, na kamba nyingine, ile ya shingo, ilikuwa imetupwa juu ya tawi. Saa ilionyesha saa nne na nusu.

"Atanyongwa ngoma ikilia," Bitegeko alisema.

"Afande, huyo ndiye aliyempelekea marehemu maji. Peke yake!"

"Nani shahidi?"

"Mpimaji mwenyewe."

"Mwite basi."

Askari wakacheka. Hapo Namkunda akapita katikati yao kama hawapo. Hakunisalimu. Tangu azaliwe hakuwahi kunifikia bila shikamoo.

"Baba, kile kichwa kwenye karatasi umekiweka wewe."

"Mwanangu, mimi nilidhani..."

"Ulidhani watakusifu. Haya, wamekusifu, nimesikia. Sasa kiondoe."

"Barua ilikwisha kufika, Namkunda. Nitakiondoaje?"

"Sijui. Mimi sikusoma. Wewe ndiye uliyesoma."

Bitegeko alimsikiliza kwa heshima, akiwa na uso wa Namkunda. Kisha akasema kwamba Kitovu hakikosei, ila kinaweza kuongezewa habari. Niandike barua nyingine. Majina yote mia tatu, mstari ulionyooka kutoka juu kwenda chini, kila mtu mahali pake. Wa kwanza atapata kamba. Kumi na wawili wanaofuata watapewa watu wa Pamba, washuke nao tambarare. Waliobaki watalipa ushuru na kukaa kimya. "Na mkweo mweke upendapo," akasema. "Mweke wa mwisho kabisa. Mimi sina ugomvi naye."

Nikapewa kiti, meza, wino na kalamu ambayo ilikuwa bora kuliko kalamu yoyote niliyowahi kushika.

Namba moja. Niliandika moja, nikaweka nukta, nikaitazama. Moja ni shimo. Imesimama wima kama mtu lakini ni shimo, inangoja shingo. Nani. Mbonea alileta sufuria ya lami. Ni kweli, watu wote waliona. Mbonea alikuwa amesimama hatua kumi kutoka mezani, ana watoto wanne, na alijua ninachowaza, kwa kuwa alinitazama na kutikisa kichwa kidogo, si kwa kukataa, kwa kukubali. Na baada ya Mbonea, nani. Waliochinja kuku. Aliyecheka. Aliyevua kofia. Aliyeshika mguu wa kulia, aliyeshika mguu wa kushoto. Nilianza kuona jinsi orodha ilivyo tamu. Mkono ulitaka kwenda. Ukishakuwa na wa kwanza, wa pili anajileta, na wa tatu anasukumwa na wa pili, na mwandishi hana tena dhambi, anafuata mstari tu. Hivyo ndivyo Kitovu kilivyoota meno: hakuna aliyemng'ata mtu, kila mmoja alifuata mstari. Mimi na Kitovu tulikuwa na kiti kimoja na kalamu moja. Niliinua macho, Bitegeko akainua macho yangu.

Saa tano na robo.

Nikaikunja karatasi ile, nikaomba nyingine. Nikaandika haya, na sikuyapamba:

*Mimi Senkondo ndiye niliyemshika Mpimaji na ndiye niliyemuua. Barua ya kwanza niliiandika peke yangu. Majina mia tatu ni uongo wangu. Watu wa Mlimani hawajui kusoma wala kuandika, hawakujua barua ina nini, na hawakukiomba Kitovu kitu chochote. Mzirai hakutia jina lake. Hakuna kiongozi mwingine ila mimi.*

Bitegeko akaisoma mara mbili. Aliweka barua mbili sambamba. "Majina haya yana mikono mia tatu tofauti, mzee."

"Mimi ni mwandishi mzuri, afande. Umesema mwenyewe."

Alijua. Aliyaona yale majina yaliyopinda, yaliyoinama kama mtu anayebeba kuni, herufi zilizogeuka nyuma. Lakini aliona pia mbali, hadi Kitovu, kwenye meza kubwa, na nadhani aliona jinsi waheshimiwa watakavyoshusha pumzi kusikia kwamba watu mia tatu hawakusema neno, kwamba alikuwapo kichaa mmoja tu mwenye wino.

"Hii wataipenda," akasema. "Mfungueni huyo."

Mzirai alipofunguliwa hakukimbia, wala hakumkumbatia mkewe. Alikuja hadi mezani akichechemea. Barua ilikuwa wazi. Aliisoma kwa sauti, polepole, kidole chini ya kila neno, kama nilivyomfundisha mwenyewe kwenye benchi la mbao mwaka aliomwoa binti yangu. Kama nilivyomfundisha Mbonea, na mke wa Mbonea, na karibu nusu ya mia tatu wale. Msimu mzima kwa jina moja, wakitoka jasho kuliko kwenye kulima. Alipofika "hawajui kusoma" akaondoa kidole.

"Baba mkwe, jina lile nililiandika mimi."

"Najua."

"Nililiandika nikijua. Nilitaka walione."

"Utaishi, Mzirai."

"Nitaishi nikiwa nani? Kesho tukisema njaa, watasema hawa si ndio wale wasiojua walichoandika? Umetunyang'anya mdomo mchana kweupe." Alitaka kuichukua karatasi. Namkunda akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akauvuta kwake, na akanitazama juu ya bega la mumewe. Alikuwa analia. Sijui alikuwa analilia lipi. "Shikamoo, baba," akasema.

"Marahaba, mwanangu."

Walinifunga mguu mmoja kwenye gurudumu lilelile, kamba ya shingo sasa ikiningoja mimi, mikono wakaniachia, kwa kuwa kazi ilikuwa haijaisha. Bitegeko akaikunja barua mara tatu. Akaishika nta juu ya mshumaa, akaidondosha kwenye ukingo, nyekundu, nene.

"Muhuri wangu unatosha kwa amri," akasema kwa sauti yangu. "Kwa ungamo kinatakiwa kidole cha mwenyewe."

Nikabonyeza. Nta iliunguza, nikaacha kidole palepale hadi ilipoganda, ili michirizi yake isomeke vizuri. Tarishi akaichukua, akaitia kwenye mkoba wa ngozi, akaukaza mkanda, akapanda farasi. Ngoma ikalia saa sita. Akashuka kuelekea Kitovu.